Glasi ya Mzee Amissi

Maiti ilikuwa bado imekaa.

Kijana alikuwa kwenye benchi la wateja, mgongo umeegemea ukuta, magoti pamoja, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Bahasha yenye diploma yake ilikuwa mapajani. Karibu na viatu vyake, vilivyopakwa rangi asubuhi hiyo hiyo, glasi kubwa yenye mkono ilikuwa imelala sakafuni, tupu.

Inspekta Sylvère wa polisi ya upelelezi alichuchumaa akaitazama glasi bila kuigusa.

"Nani amemushika huyu mutu?"

"Ni mi, chef," akajibu muuzaji kutoka nyuma ya kaunta. "Nilimushika shingo nione kama mushipa unapiga."

Muuzaji aliitwa Honoré, mkazi wa Kanyosha, mtu wa makamo mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika famasi hii ya Buyenzi, mjini Bujumbura, katikati ya mafundi wa magari. Nje, nyundo zilikuwa zimenyamaza. Mafundi walikuwa wamejaa mlangoni na mikono yao ya grisi, na askari mmoja alikuwa anawasukuma nyuma.

Ilikuwa Jumatatu, siku chache tu baada ya Idi. Mwenye duka, Mzee Amissi, alikuwa ameita waombaji kazi watatu. Marehemu aliitwa Jovithe, kutoka Gasenyi, ametoka shule ya utabibu mwaka jana. Wa pili alikuwa Annick, msichana wa mjini, ambaye sasa alikuwa analia kwenye kona. Wa tatu alikuwa Mawazo, mwanamke mkimbizi kutoka Bukavu, na huyu hakulia. Alisimama akiwa ameshikilia mkanda wa mfuko wake kwa mikono miwili.

Nafasi ilikuwa moja. Tangu nchi jirani zifunge mipaka, kazi mjini ilitafutwa kama dawa yenyewe.

Daktari wa polisi aliinua kope za Jovithe, akanusa glasi kwa muda mrefu.

"Tangawizi," akasema. "Nyingi sana."

"Na chini ya tangawizi?"

"Nitaandika maabara ikimaliza. Lakini ukiniuliza leo, ni matone ya moyo. Mgonjwa anapewa kidogo sana. Huyu amepewa ya kumtosha ng'ombe."

Matone ya moyo yalikaa kwenye kabati la ukumbi mwembamba unaounganisha duka na chumba cha nyuma. Kabati hilo hufungwa kwa ufunguo. Siku hiyo lilikuwa wazi, kwa sababu Mzee Amissi alikuwa anatoa dawa za kuwapimia waombaji. Waliokwisha kuitwa chumba cha nyuma walikuwa wamepita hapo. Kwenye rafu ya kati palikuwa na alama ya mviringo isiyo na vumbi, mahali chupa ilipokuwa imesimama.

"Chef, si muangalie mifuko?" Honoré akasema kwa upole. "Mi sisemi kitu. Lakini muangalie."

Wakaangalia. Katika mfuko wa Mawazo, ndani ya kitenge kilichokunjwa, askari akakuta chupa ndogo ya kahawia. Ilikuwa tupu.

"Haiko yangu," Mawazo akasema.

"Kitambulisho?"

Hakuwa nacho. Alikuwa na cheti cha uuguzi cha Bukavu, kimeloa maji siku moja na kukauka, mpaka mhuri ulikuwa umebaki kivuli tu.

"Ni nani alimupelekea marehemu ile chai?"

Mawazo akatazama chini. "Ni mi."

Nje, watu wakaanza kusema kwa sauti.

*

Komisaa hakuchukua muda. Alimsikiliza Sylvère akiwa amesimama, kofia tayari kichwani, kisha akamwambia kwamba kesi imekwisha. Mkongomani asiye na karatasi, chupa ndani ya mfuko, chai mkononi mwake, kazi moja ya kugombania. Gereza la mji limejaa mpaka watu wanalala kwa zamu. Alasiri kuna lori linalopeleka Gatumba, mpakani na Kongo, watu waliokamatwa bila vitambulisho. Mwanamke huyu apande na wenzake. Ng'ambo wanajua la kufanya.

Sylvère aliuliza kama angeweza kumhoji kwanza.

"Mpaka lori liwashe moto," komisaa akasema. "Barabara inafungwa mapema siku hizi."

Mawazo alitolewa kwenye kasho la polisi akaletwa ofisini. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Sylvère alimuuliza kwa nini alikimbia Bukavu. Alieleza kwa maneno machache. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya parokia. Usiku mmoja walileta vijana waliopigwa risasi, naye akawafunga vidonda bila kuuliza ni wa upande gani. Kesho yake askari walikuja wakimtafuta kwa jina.

"Wakinivukisha leo, chef, sifiki Uvira," akasema. Alisema kama mtu anayetaja bei ya muhogo.

"Basi nisaidie. Niambie ya asubuhi."

Mzee Amissi, alisema, hakutaka kuona vyeti kwanza. Alikuwa na utaratibu wake, aliourithi kwa Mgiriki aliyemfundisha kazi zamani. Alipanga visahani mezani, kila kimoja na dawa yake, bila kopo na bila jina. Mwombaji aseme hii ni nini, inatibu nini, na ikizidi inafanya nini. Aliruhusiwa kugusa, kunusa na kuonja. Mawazo aliingia wa kwanza. Kisahani cha tatu kilikuwa na kidonge cheupe. Mzee alitarajia aseme kwinini. Yeye akakigusisha ulimi.

"Nikamuambia, muzee, hii haiko kwinini. Haina uchungu. Hii ni chokaa."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alikaa kimya sana. Nikamuambia aonje mwenyewe. Akasema, baadaye, sasa apana. Akakiweka pembeni tukaendelea na zingine."

Sylvère aliacha kuandika. "Honoré alikuwa wapi?"

"Hapo ukumbini. Anachemsha chai kwenye jiko la reshoo. Kati yetu ni pazia tu. Halafu akaleta glasi, akaiweka mbele ya muzee, akatoka. Muzee hakuigusa. Tulipomaliza, akanipa, akasema, mupelekee ule kijana kwenye benchi, ametoka mbali."

"Na mfuko wako, wakati huo?"

"Niliuacha chini ya benchi. Kijana alipoangusha kichwa, wote tulimukimbilia. Niliuchukua baadaye bila kuangalia ndani."

Annick, aliyehojiwa chumba cha pili, aliongeza jambo moja tu. Alikuwa amekaa karibu na Jovithe kabla ya kuitwa ndani. Aliona anakunja uso kila akinywa, akamuuliza kama chai ni mbaya. Jovithe alimjibu kwa sauti ya chini, huku akicheka: "Hii tangawizi inauma kama deni. Lakini chai ya patron, nani anairudisha?" Akamaliza yote.

*

Mzee Amissi alikuwa anasubiri kwenye veranda ya polisi tangu asubuhi. Hakuna aliyemwambia asubiri. Alikuwa na kofia yake ya kufuma na kanzu ya kijivu, na midomo yake ilikuwa imekauka ikawa myeupe pembeni. Joto la Januari lilikuwa limekaa juu ya mabati.

Sylvère alimwingiza ofisini akammiminia maji. Mzee aliisogeza bilauri kando.

"Asante, mwanangu. Niko muzima."

Sylvère akatuma iletwe Fanta baridi. Mzee akashukuru tena, akaitazama, akageuza uso dirishani.

Akaulizwa maswali ya kawaida, akajibu vizuri. Jovithe hakumjua. Mawazo hakumjua. Honoré amekuwa kama mtoto wake, anashika funguo za duka, Idi iliyopita alikuja nyumbani na watoto wake. Kabati aliliacha wazi yeye mwenyewe, na Mungu amsamehe.

"Muzee," Sylvère akasema, "we ni mutu wa dawa. Mutu anakuambia kwinini yako ni chokaa. Kwa nini haukuonja hapo hapo?"

Mzee alirekebisha kofia yake.

"Na ile glasi. Ni ya nani?"

"Yangu."

"Honoré anakuletea chai kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Ya tangawizi. Bila hiyo sifungui hata mudomo."

"Leo umeitoa."

"Kijana alikuwa mugeni."

"Wageni walikuwa watatu. Glasi ni moja, na ni yako. Honoré ameniambia alichemsha chai ya wageni." Sylvère aliitazama bilauri ya maji, kisha chupa ya Fanta iliyokuwa inatoa jasho mezani. Mama yake alikuwa akiuza sambusa Bwiza, na wanunuzi wake walikuwa majirani Waislamu. Aliikumbuka midomo ya namna hii, ya watu waliopita mbele ya meza ya mama yake jua likiwa bado juu, wakinunua bila kuonja. "Muzee, umefunga."

Mzee Amissi aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Ni zile siku sita za Shawali," akasema. "Nilianza jana. Si faradhi. Mutu akifunga hizo hatangazi, ndiyo sababu nilipokea ile glasi kimya."

"Honoré anajua?"

"Apana. Jana duka lilifungwa. Anajua bibi yangu Saliha peke yake. Miaka mingine sifungi. Ni mwaka huu tu."

"Kwa nini mwaka huu?"

Alikuwa na mjukuu, akasema, Houda, wa miaka saba. Katikati ya Ramadhani alishikwa na malaria. Yeye mwenyewe alimpeleka dukani, akampa kwinini kamili kama inavyotakiwa, asubuhi, mchana na jioni. Homa haikushuka. Siku ya nne akafa. Kwa hiyo Idi ilipopita alisema moyoni kwamba atafunga hizi sita kwa ajili ya mtoto. Na ndiyo sababu alitaka kuajiri mtu mpya, mtu anayejua dawa kwa mkono na kwa ulimi, kwa sababu yeye macho yamechoka na tangu msiba hajiamini.

"Ile kwinini ya Houda," Sylvère akauliza polepole, "ilitoka kopo gani?"

"Kopo la dukani. Liko moja tu. Honoré ndiye alihesabu vidonge."

Walitazamana. Sylvère aliona maana yake inapita usoni mwa mzee, na aliona mzee anaifukuza, kama mtu anayefunga mlango kwa mgongo.

Nje, injini ya lori ilikohoa mara mbili, ikashika.

*

Sylvère alituma askari ampe komisaa habari kwamba mshukiwa si yule. Komisaa alikuwa ameshaondoka kwenda mkutanoni. Lori lilitoka na Mawazo ndani yake, amekaa juu ya gurudumu la akiba.

Inspekta alifikiri kwa haraka. Bila mtu wa kumweka mahali pake, hakuna afisa wa mpakani atakayemshusha. Kwa gari dogo, lori lile lingeweza kufikiwa. Kwanza Buyenzi.

Honoré alikuwa peke yake dukani, chini ya ulinzi wa askari, anapangusa rafu. Benchi lilikuwa limeoshwa. Sylvère alipita nyuma ya kaunta bila kusalimu, akashusha kopo kubwa la kwinini, akachukua kidonge akakiweka juu ya ulimi.

Hakuna mtu aliyekulia Bujumbura asiyejua uchungu ule. Unaingia mpaka masikioni. Unalia kabla ya kumeza. Sylvère alisubiri. Kidonge kililainika, kikawa unga, na ladha yake ilikuwa kama ya ukuta.

Alitema kwenye leso, akasukuma kopo mbele ya Honoré.

"Onja."

"Chef, mi siumwi."

"Onja tu."

Honoré aliweka kitambaa chini. Hakunyoosha mkono.

"Ile chai ulitengeneza ya nani?"

"Ya wageni, nilishasema."

"Wageni watatu, glasi moja. Ulitaka wanywe kwa zamu?"

"Muzee ndiye alisema..."

"Muzee amefunga, Honoré."

Muuzaji alicheka kidogo, kama mtu anayesahihisha kosa la mtoto. "Idi imepita, chef. Nilikula pilau kwake."

"Amefunga tangu jana. Siku sita za Shawali. Asingekunywa chai yako hata ungemubembeleza. Hata ile kidonge hakuionja kwa sababu hiyo. Alikuwa anangoja magaribi."

Honoré alishika ukingo wa kaunta.

"Sikujua," akasema.

"Hukujua nini? Kwamba hatakunywa?"

Nyundo moja ilianza kugonga bati barabarani, ikaacha.

"Sina muda," Sylvère akasema. "Mwanamke ambaye hajafanya kitu yuko kwenye barabara ya Gatumba. Mumoja amekwisha kufa mahali pa mwingine. Unataka wawe wawili?"

Honoré alivua koti jeupe. Alilikunja, akaliweka juu ya kaunta, na hapo ndipo alipoanza kusema.

Alianza na kwake, Kanyosha. Mwaka juzi, vita viliposhuka mlimani, watoto wa kule walikuwa wanakufa kwa malaria, na njia ya kuja mjini ilikuwa na risasi. Alichukua kwinini kidogo dukani kwa ajili ya mtoto wake wa mwisho. Mtoto akapona. Jirani akaja, akampa. Halafu wakaja watu wa mlimani wenyewe, na bunduki, wakamwambia sasa ataleta kila wiki. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka. Kopo lilipoanza kuonekana chini, alinunua Gatumba vidonge vinavyofanana, kwa mwanamke anayeuza kwenye beseni, akavimimina humo. Alijiambia kwamba mjini kuna famasi nyingine. Mtu asipopona kwa moja ataenda ya pili.

"Na Houda?"

Honoré alijipangusa uso kwa kiganja.

"Muzee aliingia amemubeba. Mutoto anatetemeka. Akaniambia, Honoré, hesabu kwinini haraka. Nilisimama na kopo mukononi. Ya kweli ilikuwa imekwisha, yote iko mulimani. Nilikuwa na neno moja la kusema. Nikahesabu. Muzee akanishukuru. Ule mutoto alikuwa ananiita tonton, kama mujomba wake."

"Na leo?"

"Leo ule mwanamuke alisema chokaa. Nikasikia muzee amenyamaza. Mi namujua muzee. Akionja, angerudi nyuma siku moja moja mpaka kufika kwa Houda. Niliona afazali afe kuliko ajue. Kabati liko wazi, chai iko inachemka. Nilitia tangawizi nyingi."

"Halafu glasi ikatoka nje."

"Iko inapita mbele yangu, mukononi mwa ule mwanamuke. Kijana anapokea na mikono miwili, anasema asante."

"Ulikuwa na neno moja la kusema."

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Kulikuwa na muteja," Honoré akasema. "Nilimuuzia pamba."

Alipoulizwa habari ya chupa, alikiri kwamba aliitia ndani ya mfuko wa Mawazo wakati wote wamemzunguka Jovithe. Askari alimfunga pingu. Alinyoosha mikono mwenyewe. Wakati anatolewa alisimama kando ya benchi lililooshwa, akaomba jambo moja, kwamba muzee asiambiwe habari ya Houda. Aambiwe tu kwamba aliiba dawa.

Sylvère alikuwa tayari anakimbilia gari.

*

Lori alilikuta kwenye kizuizi cha Gatumba, limezimwa, watu wanashushwa mmoja mmoja. Sajini wa mpakani alitaka karatasi ya komisaa. Sylvère alimpa neno lake, jina lake, na kitambulisho chake cha polisi, kibaki hapo mpaka kesho. Sajini aligeuza kitambulisho upande huu na upande ule, akasema huyo mwanamke ni wa tano kwenye mstari, na wa nne ameshavuka.

Kurudi mjini, Daraja la Rusizi lilipobaki nyuma, ndipo Mawazo alipoanza kutetemeka, mpaka meno yakagongana, na Sylvère akapunguza mwendo bila kumtazama.

Waliingia Buyenzi jua linashuka. Mawazo alikuwa anafuata mfuko wake uliobaki dukani. Mlango wa famasi ulikuwa wazi, na Mzee Amissi alikuwa ameketi chumba cha nyuma, mbele ya visahani ambavyo hakuna aliyeviondoa. Saliha, mkewe, alikuwa ameleta tende na chupa ya uji, ameviweka mezani, amerudi kusimama mlangoni.

Mzee alimwona Mawazo. Aliinuka, akamwambia kwamba amemkosea, kwa sababu glasi ile ni yeye aliyemkabidhi. Mawazo akasema hapana, muzee, mi niko muzima.

"Kesho mapema uje," mzee akasema. "Tutashusha makopo yote. Utaonja moja moja."

"Nitakuja."

Kisha akamgeukia Sylvère. Hakuuliza nani. Koti jeupe lilikuwa bado juu ya kaunta, limekunjwa vizuri.

"Alisema kwa nini?"

Sylvère alikuwa ametayarisha maneno njia nzima kutoka Gatumba. Sasa alipoyatafuta hakuyaona. "Amekubali makosa, muzee. Aliiba dawa. Mengine tutasema kesho, ule kwanza."

Msikiti wa mtaa ukaadhini. Saliha akasogeza sahani ya tende karibu.

Mzee Amissi alipitisha mkono juu ya tende. Alifika kwenye kisahani kilichowekwa pembeni, akachukua kidonge cheupe, akasema bismillahi, akakiweka juu ya ulimi na kufumba macho.

Hakuna aliyemzuia. Alikaa hivyo, mikono juu ya magoti, akingoja uchungu.

Haukuja.